Msipige lipu ya sementi kabla ya kuomba ruzuku

SWALI: Shikamoo mzee. Nyumba ya babu yetu iko Gongoni, Tabora mjini. Kuta ni za matofali mabichi, paa la bati, mlango wa mbele ni wa kuchonga. Wazee wanasema ilijengwa enzi za Mjerumani, kabla reli haijafika. Ukuta wa upande wa barabara umelowa chini na una ufa. Amekuja bwana mmoja anasema Tabora imeingia UNESCO na kuna ruzuku ya nyumba za kale. Anataka shilingi laki tatu za kufungulia faili, na anatushauri tupige lipu ya sementi na kubadilisha mlango kwanza, ili wakaguzi wakija waikute nyumba nadhifu. Ndugu wameshaanza kuchanga. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simamisheni mchango leo hii. Laki tatu ikienda itauma, lakini hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni hiyo lipu na huo mlango.

Nianze na UNESCO, maana ndicho chambo. Ni kweli kwamba mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na Kwihara, jirani na Tabora, na Ujiji zimo pamoja na Bagamoyo. Lakini orodha ya awali ni orodha ya mahali ambapo nchi inakusudia kupaombea hadhi hiyo baadaye. Haimlipi mtu hata senti. Hata penye hadhi kamili, Mfuko wa Urithi wa Dunia huombwa na serikali, si na familia ya Gongoni wala na wakala wake. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha kamili tangu 2000, na bado sehemu ya jumba lake la kale la Beit al Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu. Jina kubwa halishikilii ukuta.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Reli ilifika Tabora 1912, kwa hiyo nyumba ya enzi za Mjerumani haiingii humo kwa umri wake tu, mpaka itangazwe rasmi. Mlango una habari nyingine kabisa. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1940 inatajwa na sheria hiyohiyo kuwa kitu kinacholindwa, na kuifanyia biashara au kuitoa nje ya nchi kunataka kibali. Huyo bwana anayewahimiza muubadilishe, mmemuuliza huo wa zamani utakwenda wapi? Muulizeni. Mimi nimeona nyumba za pwani na za bara zikivalishwa milango ya chuma, na mlango wa babu ukaondoka usiku kwa bei ya godoro.

Sasa ruzuku zenyewe. Zipo, na karibu zote zinafanana kwa tabia. Mfuko wa Mabalozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni, ulioanzishwa 2001 na ambao fedha zake zilifika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, umekuwa ukipitia ubalozini na kuwalenga makumbusho, taasisi za umma na asasi zisizo za faida. Mali ya mtu binafsi haimo. Wajerumani wana programu yao ya kuhifadhi urithi wa utamaduni tangu 1981, nayo inapitia ubalozini. Waingereza wanao Mfuko wa Kulinda Utamaduni unaosimamiwa na British Council tangu 2016. Hakuna hata mmoja kati ya mifuko hiyo unaotoza ada ya kufungua faili. Familia inayotaka kufika huko hupita kwenye asasi iliyosajiliwa, kwa baraka za halmashauri na za Idara ya Mambo ya Kale, na huonyesha faida kwa umma: jengo litatazamwa, litatumika, mafundi vijana watajifunzia hapo.

Linalonichosha ni imani kwamba ruzuku hutolewa kwa nyumba iliyopendeza. Ndugu zangu, ni kinyume chake. Mfadhili wa majengo ya kale analipia kile cha asili kilichobaki. Tofali lililofinyangwa na mikono ya wakati ule, boriti iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono, lipu ya udongo yenye manyasi ndani, mlango kwenye fremu yake. Mkishaviondoa hivyo mmeondoa sababu ya yeye kuja. Tena kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kusainiwa hailipwi. Anayetangulia kukarabati ili aonekane anastahili ametumia fedha zake mara ya kwanza, na ya pili ameiharibu hoja yake.

Na sementi yenyewe inaua nyumba. Tofali bichi linavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia uso wa ukuta, mchana kutwa, jua likiwaka. Ukiliziba kwa sementi unyevu hauna pa kutokea, basi unapanda juu zaidi. Sementi ni ngumu, ukuta wa udongo unacheza kidogo kila msimu, kwa hiyo lipu inapasuka nyufa nyembamba. Mvua inaingia humo na haitoki. Nje mnaona ukuta mweupe, ndani tofali linarudi kuwa tope. Nendeni kwa jirani yeyote aliyepiga sementi juu ya udongo miaka michache iliyopita, mgonge kwa kifundo cha kidole usawa wa goti. Mtasikia uwazi. Lipu ile ikibanduka inatoka bapa zima, na mgongoni imebeba sehemu ya ukuta wenyewe. Hapo fundi atawaambia ukuta umeoza na dawa ni kubomoa. Haukuoza, ulizibwa pumzi.

Kasoro yenu naihisi nikiwa huku. Ukuta uliolowa ni wa upande wa barabara. Barabara za mijini huinuliwa kifusi juu ya kifusi kila zinapochongwa, na baraza iliyokuwa juu inajikuta chini, maji yanasimama kwenye msingi. Ongezeni bati linalovuja au lisilo na mfereji. Chimbeni udongo uliorundikana ukutani mpaka muuone msingi, maji yapewe njia ya kwenda mbali na nyumba, bati lirudishiwe misumari. Kazi hiyo ni ya sululu na siku chache, haihitaji ruzuku ya mtu, na hakuna mfadhili atakayeilalamikia. Ufa ukiwa unaongezeka, egemezeni ukuta kwa mirunda na mfunike kwa turubai. Huko ni kuokoa. Lipu ya udongo na manyasi, au chokaa iliyozimwa na kuachwa ilainike vizuri, ije baadaye, kwa fundi aliyewahi kuishika.

Kabla hamjagusa chochote, pigeni picha: kila ukuta kwa nje na ndani, ufa ukiwa na rula pembeni, mlango ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, chini ya fremu mchwa wanapoanzia. Andikeni tarehe. Chukueni maelezo ya wazee nani alijenga na nani aliishi. Picha hizo na maelezo hayo ndiyo mwanzo wa taarifa ya hali ya jengo, ambayo kila ombi la kweli huitaka pamoja na michoro na mchanganuo wa gharama.

Jambo moja zaidi, nalo limekwamisha familia nyingi kuliko ufa. Nyumba ya babu ni ya nani leo? Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hakuna mtu mwenye haki ya kusaini mkataba kwa niaba yenu, na mfadhili hawezi kuweka fedha kwenye nyumba ambayo shangazi wa Nzega anaweza kuja kuidai wiki ijayo. Hizo fedha mlizoanza kuchanga zingefaa kwa hilo.

Nasema kwa wote wanaosoma, wa Tabora, wa Ujiji, wa Kigoma mjini. Watu wanaopita nyumba kwa nyumba na fomu za ruzuku hawaji kwa sababu ya nyumba zenu. Wanakuja kwa ajili ya ada, na wajanja zaidi wanakuja kwa ajili ya milango. Msiruhusu grainda iguse nakshi, msipake rangi ya mafuta juu ya mchongo, msitoe fremu ukutani hata kwa ahadi kwamba itarudi. Na huyo bwana akirudi, mwambieni alete barua ya mfuko anaousemea, kisha mwende wenyewe kwa afisa utamaduni wa manispaa, au mpige simu wizarani au ubalozini kwa namba mliyoitafuta ninyi, si aliyowapa yeye.