Sheria ya bunduki humzuia nani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kaka yangu anaishi Texas. Anasema mwenye nia ya kuua hazuiwi na sheria, silaha ataipata tu. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nia haizuiliki, ila idadi ya maiti hutegemea alichoshika muuaji. Tarehe 28 Aprili 1996, huko Port Arthur, Australia, mtu mmoja aliua watu 35 kwa bunduki zinazojipakia risasi zenyewe. Siku 12 baadaye Waziri Mkuu John Howard, mhafidhina, alikubaliana na majimbo kuzipiga marufuku. Serikali ikanunua bunduki kama 650,000 na kuziteketeza. Anayeomba kibali lazima aeleze sababu, na kujilinda haikubaliwi. Kisha husubiri siku 28. Hizo siku nazithamini mno, maana hasira hupoa.

Nilipoishi Melbourne, jirani yangu, mkulima mstaafu, alinisimulia alivyosalimisha bunduki ya marehemu baba yake. Alilia, lakini hakujuta.

Mauaji hayakuisha: mwaka 2018 familia ya watu saba iliangamia Osmington. Hata hivyo, balaa la ukubwa wa Port Arthur halijajirudia kule. Mweleze hivyo kaka yako, kwa upole.