Kipimo cha Mangi au Dumu?

SWALI: Mimi ni kibarua, nalipwa kwa siku. Kila jioni nanunua kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, vipimo viwili vya mafuta ya kula, shilingi 500 kimoja. Mwenye nyumba wangu hununua dumu la lita 5 kwa 32,500. Nani ana nafuu? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Yeye, tena kwa mbali. Kipimo kikiwa cha mililita 50, lita moja ni vipimo 20, yaani 10,000. Mwenzako analipa 6,500. Kwa lita zako 3 za mwezi, unamzidi kwa 10,500. Mangi si mwizi (naye ana kodi ya fremu). Kinachokuponza ni kukosa 32,500 kwa mkupuo.

Tafuta majirani wanne, nawe uwe wa tano, kila mmoja atoe 6,500, mgawane kwa chupa moja ya lita, si kwa kikombe. Chupa ziwe kavu, maji huharibu mafuta. Mafuta yakiwa mengi nyumbani, mkono hulegea, hivyo jaza chupa ya nusu lita, ikutoshe siku 5. Usikopee dumu kwenye simu: riba itamega nafuu, na ukichelewa, faini itamaliza iliyobaki.