Mke wangu siku hizi ananijibu "nzuri tu", nimekosea wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mwanaume wa miaka 36 niko Morogoro, nna mke na watoto wawili, mi ni fundi simu na mke wangu ana genge la mboga karibu na nyumbani. Zamani nikirudi alikua ananipa stori zote za siku, sasa hivi nikimuuliza za leo anasema nzuri tu, imeisha, alafu namkuta kwa jirani wanaongea mpaka mboga inaungua. Ilianza pale aliponiambia wenzake wa kikoba wamemsema mbele za watu eti anachelewesha marejesho, nikamwambia si utoke tu kwenye hicho kikoba, kwanza hela yenyewe mnayogawana ndogo. Akasema haya basi yaishe. Juzi kaniambia wewe husikilizi. Shangazi mi nasikiliza, hata saa hii alichosema nakurudia neno kwa neno. Nifanyeje?
Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba baba. Nakuamini kwamba maneno uliyasikia yote, ila hebu tuangalie alikuletea nini. Alikuletea aibu. Kasemwa mbele za watu na wanawake anaokutana nao kila wiki, wengine ndo wateja wake wa genge, na hao hao ndo watakaokuja kushika sufuria siku mkipata msiba, sasa we ukamjibu habari ya hela. Iliyouma ukaipita.

Najua hukua na nia mbaya. Kazi yako mtu akileta simu mbovu unafungua, unabadili kioo, anaondoka anashukuru, kwahiyo hata nyumbani ukisikia tatizo mkono unakimbilia bisibisi. Lakini mkeo alikua hata hajamaliza kusimulia.

Kuna kitu cha Zimbabwe nakipenda sana. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza pale Mbare, Harare, na mabibi 14 wa mtaani, wakafundishwa, alafu wakawa wanakaa kwenye mabenchi nje ya kliniki na mtu mwenye mawazo mengi anakuja kukaa na bibi wanaongea. Hatua ya kwanza inaitwa kwa Kishona kuvhura pfungwa, kufungua akili, na anayefunguka ni mwenye shida, anayataja matatizo yake alafu mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo. Bibi haji na jibu lake tayari. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA likachapisha utafiti wa watu 573 wa kliniki za Harare, na baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi walikua na dalili chache za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko wale wa huduma ya kawaida. Mi kila nikikumbuka hili nawaza ni wangapi humu majumbani kwetu wanaumwa kwa kukosa tu mtu wa kukaa naye benchi moja.

Sasa turudi kwenye hiyo "nzuri tu". Sisi waswahili mtu ukimuuliza habari lazima aanze na nzuri, hata aliyefiwa atakwambia nzuri, ila bibi kafariki jana. Kwahiyo habari yenyewe siku zote inakuja nyuma ya nzuri, kwenye ile "ila", kwenye "nzuri kiasi", "hivo hivo tu", au "namshukuru Mungu" iliyotoka na pumzi ndefu. We ukisikia nzuri unapita kuoga. Nadhani jirani yenu anauliza "hiyo 'tu' imekuaje tena?" na anaacha anachofanya. Usimkataze kwenda huko tafadhali, na jirani usimnunie, kakusaidia.

Na akianza kusema muitikie. Ukikaa kimya kabisa umemtolea macho atajua umeshafika mbali, mwambie enhe, ikawaje, we ukasemaje, masikini pole. Hiyo pole peke yake ingetosha siku ile. Simu za wateja ziache ofisini kwako, hilo sina haja ya kulirefusha. Ushauri wako anauhitaji, we ni mumewe, ila subiri mpaka akuulize "sasa we unaonaje?", hapo ndo zamu yako, na asipouliza ujue alitaka tu alitoe moyoni apate usingizi.

Usingoje alete stori mpya. Watoto wakilala mwambie, mama fulani, ile habari ya kikoba nilikukatiza, hebu nisimulie vizuri walikwambiaje. Siku ya kwanza anaweza kusema aah yalishapita, usimlazimishe, baada ya siku mbili tatu muulize tena taratibu. Akianza mwache afike mwisho hata kama anarudia rudia, hata akilia. Na hela ya kikoba siku hiyo usiitaje kabisa.