Muulize Dereva: Simu imegeuza njia yetu ya vumbi kuwa barabara kuu

*Mzee Dereva, salaam. Nina duka Kyanja, hapa Kampala, kwenye njia ya vumbi inayotokezea upande wa Kulambiro. Zamani hapa walipita wenyeji, boda na gari la maji basi. Siku hizi kuanzia saa kumi na moja jioni magari yanapita bampa kwa bampa, na wenye usukani macho yako kwenye simu. Nilimsimamisha mmoja, akanigeuzia kioo: "Mama, ramani ndiyo imenileta." Watoto wanarudi shule saa hiyohiyo. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, anasema yeye hana uwezo wa kuikamata simu. Serikali haiwezi kuzilazimisha hizi programu zituache? Kijana wangu anasema turipoti ajali za uongo mpaka ramani ituogope. – Mama mwenye duka, Kyanja*

Mama, pole kwa vumbi. Nianze na huyo kijana, maana ana akili ila amechelewa. Wakazi wa mitaa ya Marekani walishajaribu mchezo huo kwenye Waze, programu ya ramani ya simu. Wanaripoti ajali, halafu simu za madereva wanaopita zinaonyesha mwendo wa kawaida, na uongo unajulikana. Ramani haioni magari, inaona simu. Mwaka 2020 msanii mmoja wa Ujerumani, Simon Weckert, alionyesha alivyovuta kigari chenye simu 99 barabarani Berlin, polepole, na Google Maps ikaipaka barabara tupu rangi nyekundu kana kwamba imefungana. Kwa hiyo mkitaka kudanganya mtahitaji simu nyingi na mtu wa kutembea nazo kila jioni. Wateja wako nani atawauzia sukari?

Sasa tuje kwako. Saa kumi na moja jioni barabara kubwa za Ntinda na Bukoto zimesimama. Simu zilizoko humo zinatuma habari kwamba mwendo umekufa. Njia yenu haina simu hata moja inayotambaa, kwa hiyo hesabu inaiona nyeupe na kumwambia dereva kata hapa, utaokoa dakika kadhaa. Hesabu hiyo haina safu ya vumbi, wala ya mtoto mwenye begi, wala ya shimo ambalo wewe unalijua kwa jina. Na kila dereva akifikiria peke yake, yuko sawa. Tatizo ni kwamba wote wameambiwa jambo moja kwa wakati mmoja. Mjerumani mwingine, Dietrich Braess, alionyesha kwa hesabu mwaka 1968, kabla simu hizi hazijaotwa na mtu, kwamba kuongeza njia ya mkato kunaweza kuwachelewesha watu wote, kila mmoja akijichagulia njia ya kumfaa yeye. Mimi sikusoma hesabu yake. Niliisoma Nakawa, nikiwa juu ya trela kutoka Mombasa, nikiona magari madogo yanachomoka kwenda vichochoroni na kurudi mbele yangu yakidai kuingia, na kila anayeingia anatusimamisha sisi tuliobaki.

Serikali inaweza? Inaweza. Wenzetu wamejaribu, kila mmoja kwa namna yake. Ufaransa walipitisha sheria ya tabianchi mwaka 2021, na kanuni zake zikatoka 2022. Programu za safari zinatakiwa zionyeshe njia isiyochafua hewa sana, na zisiwapeleke watu kwa wingi kwenye barabara ndogo ambazo hazikujengwa kubeba msafara. Hapo wamemkamata mwenye programu mwenyewe.

Leonia, mji mdogo wa New Jersey ulio jirani na daraja la George Washington linaloingia New York, walikwenda kwa njia nyingine. Januari 2018 walifunga mitaa kama 60 kwa wasio wakazi saa za msongamano. Wakazi wakapewa vitambulisho vya njano vya kutundika garini, mgeni akikamatwa anadaiwa faini ya dola 200. Mwaka huohuo mahakama ikaitupa kanuni ile, kwa sababu mji ulifunga bila idhini ya jimbo. Likumbuke hilo, mama, kabla wanaume wa mtaa hawajaviringisha mawe usiku na kuziba njia. Mwenye barabara akija, mawe ndiyo yatakuwa kosa, magari yatasamehewa.

Mimi walionifurahisha ni watu wa Tyrol, Austria. Njia kuu ya kwenda Italia inapita kwao, na ikifungana simu zinawamwaga watalii vijijini. Kiangazi cha 2019 walikataza magari ya safari ndefu kuiacha njia kuu siku za mwisho wa wiki, wakaweka polisi kwenye njia za kutokea. Una mgeni kijijini au chumba cha hoteli? Pita. Simu imekuambia? Rudi ulikotoka. Wajerumani walilalamika sana, lakini dereva alijua pale pale asimame wapi.

Kwa Kampala ningeanza hivyo, na alama barabarani, ndipo tuifuate simu. Sababu ni hii: ramani ya simu inachukua barabara kama ilivyoandikwa. Njia yenu kisheria ni ya umma, haina bango, haina saa za kufungwa. Sasa programu ikatazwe kwa kosa gani? Lakini ikiwa Mamlaka ya Jiji (KCCA) imetangaza kwamba njia fulani kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku ni ya wakazi tu, bango likasimama na matuta yakawekwa, hapo serikali ina neno la kuziambia kampuni: hii imefungwa, iondoeni saa hizo. Waze tangu 2014 wana mpango wa kupokea taarifa za namna hiyo kutoka kwa miji. Na kampuni za kuita magari kwa simu zina madereva hapa hapa, zinaweza kubanwa kwa masharti ya leseni bila kuandikiana barua na California.

Ila msiombe sheria inayosema ramani zisionyeshe njia ndogo kabisa. Siku unapobeba mgonjwa usiku kutoka Kyanja kwenda Mulago utaitaka njia hiyohiyo.

Halafu kuna jambo ambalo hutalipenda. Mkifungiwa ninyi peke yenu, magari yatahamia kwa jirani wa pili, naye ataniandikia mimi. Kwa hiyo nendeni kwa diwani na wenyeviti wa LC1 wa vijiji vya jirani, ombi liwe moja la eneo zima, lipelekwe divisheni ya Nakawa kwa maandishi, na picha za saa za shule. Na mkiwa huko, ulizeni pia lami, kwa sababu Kyanja imejaa nyumba kuliko barabara zake, na hilo hakuna simu iliyolifanya.

*Mzee, serikali ikianza kuzisimamia ramani, si itajua ninakokwenda kila siku? – Msomaji, Entebbe*

Kampuni inajua tayari, ndugu yangu, na hujawahi kuilalamikia. Lakini woga wako una msingi. Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019, na mtu akitaka taarifa zako anapaswa awe na sababu inayokubalika kisheria. Kufunga njia ya Kyanja hakuhitaji jina lako wala safari zako. Kunahitaji orodha ya mitaa na saa. Wakianza kudai zaidi ya hapo, uliza kwa nini. Na kama unapita barabara ya zamani kukwepa ushuru wa Expressway ya Entebbe uliowekwa Januari 2022, hilo si siri, kitufe cha kukwepa ushuru kimo ndani ya ramani yenyewe.

*Mzee wangu, naendesha gari la kuitwa kwa simu. Abiria ananiambia fuata ramani, nisipofuata ananipa nyota moja. Ramani ikiniingiza njia iliyofungwa, faini ni ya nani? – Dereva, Ntinda*

Ni yako, kijana wangu. Trafiki anauliza leseni, na mwenye leseni garini ni wewe. Bango likisema usiingie, usiingie hata abiria akipiga kelele. Msomee bango kwa sauti, mwambie utamzungusha, na kama nauli itapanda mwambie kabla hujakata kona. Picha ya bango ipige ukiwa umesimama, uitume kwa kampuni yako siku hiyohiyo pamoja na malalamiko ya hiyo nyota. Ndani ya Google Maps pia kuna mahali pa kuripoti kwamba barabara imefungwa. Ripoti ya kweli, tafadhali, siyo ya kijana wa Kyanja.