Jibu: Ni polisi tu walioshusha uhalifu New York?
Habari mkuu, umeuliza kama ni polisi peke yao walioshusha uhalifu New York baada ya 1990, maana mwalimu wako kalikataa hilo jibu. Mi nilikwama hapohapo chuoni, kilichonisaidia ni kuangalia kwanza kama na kwingine ulishuka. New York 1990 waliuawa watu zaidi ya 2,200, mwaka 2017 hawakufika 300, sasa Kanada nako mauaji yalipungua miaka hiyohiyo ya tisini na wala hawakujaza magereza kama Marekani, kwa hiyo polisi na vifungo virefu vinaeleza kipande tu.

Halafu uhalifu usiubebe kwa jumla, ugawe. Chukua wizi wa magari, New York 1990 yaliibwa karibu 147,000, mwaka 2017 hayakufika 6,000. Hapo naamini kabisa ufunguo wenyewe umefanya kazi kubwa, siku hizi una chipu kwenye kile kichwa cha plastiki, ukichonga wa bandia unazunguka vizuri tu ila injini haiwaki, zamani mtu alivunja swichi akaunganisha nyaya akasepa.

Mauaji ni habari nyingine, anza na soko la kraki, kokeini ya bei rahisi ya kuvuta, lililopoa, vijana wakaacha kugombania kona za kuuzia kwa bastola. Kuna na madini ya risasi yaliyopunguzwa kwenye petroli tangu miaka ya 70, yanaharibu ubongo wa watoto, na wapo wanaosema ndiyo yaliyowafanya wakikua waingie kwenye uhalifu, sababu hiyo itaje ila usiiegemee, watafiti bado wanabishana. Na tafadhali usigawe asilimia kwa kila sababu, mi nilifanya hivyo nikarudishiwa kazi yote.