Tulimwambia baba apumzike

Habari mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza, mzee nyumbani akiwa mkimya na kujitenga utajuaje ni uzee tu au anaumwa? Mi naomba nijibu kwa yaliyotukuta kwa baba, maana karibu tumpoteze huku tunamwangalia.

Baba alikuwa fundi wa reli Tabora. Mama alipofariki 2021 tukakaa kikao sie watoto tukasema haiwezekani mzee akae peke yake, nikamleta Dar kwangu Tabata, tukampa chumba na tivii, kila akishika fagio au akitaka kumwagilia maua tunamwambia baba we pumzika umeshafanya kazi sana. Kwangu watu tunatoka saa kumi na moja alfajiri kukimbia foleni tunarudi saa mbili usiku, kwa hiyo anabaki na dada wa kazi na geti limefungwa. Tabora alikuwa na bao lake chini ya mwembe na watu wa kumwita fundi. Tabata hata jina hawamjui.

Akaanza kulalamika mwili. Mgongo unachoma, tumbo limejaa, miguu haina nguvu. Hakuna siku alisema ana huzuni, na hapa ndo wengi tunapotea, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa wazee mara nyingi inajificha kwenye maumivu na kukosa usingizi. Zahanati moja wakampa dozi ya malaria, wiki mbili mbele dawa za UTI, hakuna aliyemuuliza analalaje, kumbe anaamka saa tisa usiku anakaa kitandani mpaka kunakucha. Ana saa ya mkononi ya kutia ufunguo, ya tangu yuko kazini, kila asubuhi lazima aitie. Siku hiyo namsalimia naiona imesimama kwenye saa nne na dakika kumi. Nikamuuliza baba, saa imeharibika? Akasema, "Haijaharibika. Sasa nawahi wapi mwanangu?" Nikaenda kulia bafuni.

Niliposema twende kliniki ya afya ya akili kaka akawaka, unataka kumpeleka baba Mirembe? Yaani ukitaja akili tu watu wanaona ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma. Tukaenda hivyo hivyo. Daktari alimwamkia mzee, akatutoa nje akaongea nae mwenyewe karibu saa nzima, akapima damu, homoni za tezi ya shingo na vitamini B12, akakagua na vidonge vyake vya presha, maana hivyo navyo vinaweza kumlegeza mzee au kumsahaulisha. Akatuambia sonona inaweza kufanana kabisa na ugonjwa wa kusahau, ila yenyewe inatibika na kumbukumbu ikarudi, na dawa zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi hivo tusije tukaacha njiani. Ila mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja mbili hapo usisubiri kliniki, mkimbize hospitali, inaweza kuwa maambukizi au mwili umeishiwa maji.

Halafu akasema neno lililoniuma, mrudishieni kazi zake na watu wake. Akatutolea mfano wa Zimbabwe, mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 pale Mbare, Harare, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki wanawasikiliza watu wenye mawazo mengi, wao wanaita kufungisisa. Mabibi ndo wanatibu watu! Na sisi wa kwetu tulimnyang'anya hadi fagio.

Baba karudi Tabora, anakaa na mjukuu anayesoma huko, kliniki anahudhuria, dawa anakunywa. Sio kwamba kapona kila kitu, kuna siku sauti inakuwa chini nikimpigia najua leo ni nzito. Jumapili iliyopita nimepiga mara tano hapokei, moyo ukanienda mbio, nikampigia jirani akamwangalie, kumbe yuko baoni tangu asubuhi, simu kaiacha ndani kwenye chaji.