Kabla ya kubuni itifaki yako ya mtandao rika

Programu yangu ya kwanza ya mtandao rika, yaani ile ambayo kompyuta huwasiliana moja kwa moja bila seva ya kati, ilitumia itifaki (kanuni za mawasiliano) niliyoibuni mwenyewe, na katika majaribio haikunisumbua hata kidogo kwa sababu kompyuta zote mbili zilikuwa kwenye ruta moja. Nilipompa rafiki aliyekuwa kwenye mtandao mwingine, rekodi za programu zilijaa pakiti (vifurushi vidogo vya data) zilizotumwa, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ruta yake ilizitupa zote, kwa kuwa hapakuwa na kompyuta ya ndani iliyoanzisha mawasiliano hayo.

Nilipoteza miezi nikitafuta dawa ya tatizo ambalo wengine walikwisha kulitatua na kuliandika hadharani. Kwa itifaki ya STUN, kompyuta hujua anwani na poti (namba ya mlango wa mawasiliano) inayoonekana nayo huko nje. Pande mbili zikishapashana habari hizo, kila upande hutuma pakiti kwa mwenzake karibu wakati uleule, na kila ruta hupokea pakiti inayoingia kana kwamba ni jibu la ile iliyotoka. Zipo ruta zinazobadilisha poti kwa kila anwani mpya inayotumiwa pakiti, na hapo mbinu hiyo hugonga mwamba, ikabidi data ipitie kwa msaidizi wa TURN, yaani seva ya kupitishia data. Kazi ya ICE, itifaki nyingine, ni kuzijaribu njia hizo na kuchagua inayofaa. Usisahau pia kwamba ruta husahau njia iliyokwisha kufunguliwa: RFC 4787, hati ya viwango vya intaneti, inaagiza njia ya UDP (utumaji wa pakiti bila kufungua muunganisho kwanza) isifutwe kabla ya dakika 2, lakini nimekutana na ruta zisizosubiri hivyo, na ndiyo maana nafuata sekunde 15 za ICE katika kutuma pakiti ndogo za kuiweka njia hai.

Kuhusu kompyuta kutafutana, Kademlia ya mwaka 2002, mbinu ya kutafuta kompyuta bila orodha ya kati, inatosha kwa programu nyingi, ingawa kompyuta ngeni bado inahitaji anwani ya kuanzia, yaani ya kompyuta iliyomo tayari mtandaoni. Weka kadhaa, zisizotegemea mwenyeji mmoja.

Ningeanza leo, ningeanza na libp2p, maktaba ya programu ambayo imekusanya sehemu kubwa ya mambo haya na hutambulisha kila kompyuta kwa ufunguo wake wa umma (ufunguo wa usimbaji unaoweza kuonyeshwa kwa wote). Na tangu siku ya kwanza ningeweka kompyuta moja ya majaribio kwenye ruta ya nyumbani na nyingine kwenye intaneti ya simu.